Niliunganisha televizyo kwa batri moja, nikaharibu jina ya fundi

Siku ya ine, mwezi wa tano. Asubuhi mvua ya kidogo kidogo. Saa sita jua kali, na Bunia yote ikaanza kutoa vumbi tena sawa vile haikunyesha.

Makosa iko yangu. Naanza na hiyo, juu najijua: ukiniacha nianze na maelezo, nitafika mwisho nikiwa sina kosa hata moja. Naweza kujitetea mupaka naamini mwenyewe.

Mimi ni shofere. Nina kamio moja, lori ya zamani sana, ya pua ndefu, nilinunua kwa mutu mwenye alinunua kwa mutu. Napakia ndizi za makemba, maharagi na mbao, kutoka Mambasa mupaka hapa. Shule niliachia darasa la sita, basi ukiona nimeandika vibaya, vumilia. Kila siku naandika mu kaye yangu: mvua, barabara, chenye kimeharibika, chenye tumekula. Hii nakuandikia imetoka mule. Kurasa zingine nilizipasua kwa aibu, hizo nakuelezea kwa kichwa.

Tena mimi ni diakono. Hapo njo ubaya unaanza!

Mwaka jana, siku ya Mungu, nilisimama kanisani nikasema juu ya feuilleton, zile hadisi za televizyo zenye haziishe. Nilisema inakula nyumba zetu. Nilisema ba mama wanalilia watu wa inchi za mbali wenye hawawajue, na huku sombe inaungua mu sufuria. Niseme haki: nilisema vizuri. Watu walipiga makofi.

Nikarudi nyumbani nikatoa mufano. Nilikamata televizyo yetu, ile kadogo yenye inakula moto wa batri, nikamuambia bibi yangu wa ndoa, Mama Furaha, kama naipeleka Irumu kwa ndugu yangu. Alifua kile kitambaa cha kuifunika, akakianika, akakikunja, akakiweka.

Televizyo haikufika Irumu.

Sitaki kudanganya mara mbili: nilikuwa na nia ya kuipeleka. Niliiweka mu kamio, nyuma ya kiti, fasi yenye nalala mu safari. Siku moja nangojea muzigo, mvua inanyesha, nikasema acha nione kama inawaka, ndugu yangu asiseme nimemuletea maiti. Fulashi ya Mama Furaha, yenye kujaa feuilleton, ilikuwa ingali mule. Nikabonyeza.

Eh, ndugu yangu! Kulikuwa musichana mwenye mujomba wake alimunyang'anya shamba. Kulikuwa na bwana mumoja kipofu mwenye alimupenda musichana kwa sauti tu. Mvua ilipokatika, mimi diakono nilikuwa nafuta machozi na kitambaa cha kufutia kioo.

Sasa sikia mambo ya batri, juu bila hiyo hutaelewa. Kamio kubwa kama yangu inatumia batri mbili. Zimefungwa pamoja, moja nyuma ya ingine, moto wao wote wawili njo unawasha mota. Lakini televizyo inataka moto wa batri moja tu. Basi nilikamata waya, nikaunganisha kwa batri ya kwanza peke yake, nikaupitisha chini ya kiti. Hakuna mutu alinifundisha. Nilijiona mwenye akili. Fulashi nilikuwa naijaza Mambasa na vipande mupya, fasi hawajue kama mimi ni diakono.

Ikawa kila siku saa kumi na moja, nikiwa sina safari, namuambia Mama Furaha: "Naenda kulinda kamio."

"Kamio yenyewe iko mu lupango yetu, ndani ya ukuta," anasema.

"Wezi ni wengi."

"Baba Furaha, mulango niko naufunga na minyororo. Mwizi atapita wapi? Atatoka mu kisima?"

Mimi naenda. Nafunga vioo. Nalinda.

Baada ya wiki tatu hivi, asubuhi, nilikamata ufunguo, nikazungusha. Kamio ikasema *kr... kr... tik*. Ikanyamaza.

Kamio kama ile haisukumwe na watu wane. Ilikuwa siku ya posho, jumamosi, kwaya ya kanisa ilikuja kwetu kwa repetisyo ya nyimbo, na wote walivaa nguo mupya, nyeupe, juu mupiga picha alikuwa anakuja. Niliwaomba. Walisukuma. Mota iliwaka vizuri sana, ikatoa moshi yake yote ya wiki nzima kwa mara moja. Picha ile iko, mpaka leo. Sauti ya pili yote inaonekana sawa watu wa kuchoma makala.

Nikamuita Muzee Sadiki.

Muzee Sadiki ni fundi wa umeme wa magari. Anafanyia kazi chini ya shiti moja ya plastiki pembeni ya parkingi, miwani yake imefungwa na uzi. Yeye ni musilamu, mimi mukristo. Siku ya Idi nakula kwake, siku ya Noeli anakula kwangu, miaka kumi na moja sasa. Hana duka, hana kibao chenye kuandikwa. Jina yake tu njo inaleta watu. Ana makosa yake pia, nisimufanye malaika: anafika saa yenye anataka, na anaongea na mota kuliko na watu.

Sasa sikia dhambi yenyewe. Mbele afike, niliutoa ule waya. Niliuzungusha ndani ya kitambaa, nikauweka mu mufuko wa koti. Televizyo niliifunika na blanketi. Kwa nini? Juu Muzee anaongea. Akiona, kesho parkingi nzima inajua, kesho kutwa kanisa.

Alifika, akapiga kamio mukono sawa mutu anasalimia ng'ombe.

"Diakono, huyu muzee wako wa chuma anaumwa fasi gani?"

"Asubuhi haiwake."

"Ukiiwasha kwa kusukuma, inatembea siku nzima?"

"Inatembea."

"Basi wakati imelala, kuna kitu inakunywa damu yake."

Aliminya mukaba wa dinamo na kidole: mukaba muzuri. Akafungua vichwa vya batri, akakwangua ule unga mweupe na kisu, akamwangia maji ya moto. Akasugua waya wenye unashika chuma ya kamio mupaka ikang'aa. Akaniambia niwashe, watu wakasukuma tena, akaweka mashini yake ya kupima.

"Dinamo iko kijana," akasema. "Inatoa moto safi kabisa."

Kisha akapima batri moja moja. Hapo akafuta miwani, akapima tena. Ya kwanza ilikuwa leke-leke, haina nguvu. Ya pili ilikuwa moto, maji imepunguka, inanuka sawa mayai yenye kuoza.

"Ajabu," akasema. "Mumoja anashiba mupaka anatapika, mwenzake anakonda." Akaniangalia juu ya miwani. "Kuna kitu umeunganisha kwa hii ya kwanza peke yake? Redio?"

"Hapana, Muzee."

"Hata kadogo? Cha kuchaji simu?"

"Hapana."

"Nakuuliza mara ya tatu. Si juu sikuamini. Ni juu hii mashini yangu inasema kuna kitu."

"Muzee! Mimi ni diakono!"

Jogoo haikuwika, niseme ukweli. Lakini mbuzi ya jirani ilikohoa, na mimi niliruka.

Muzee aliangalia mashini yake, akaipiga-piga kwa mukono, akaiingiza mu mufuko. "Basi imezeeka sawa mwenyewe. Diakono hawezi kunidanganya juu ya batri." Akanitafutia batri ingine ya kuweka fasi ya ile ya kwanza, ya muzuri, yenye aliisimamia kwa jina yake.

Aliniamini kuliko mashini.

Weye unasema: hapo basi uliacha televizyo. Niliacha! Siku mbili. Lakini nilikuwa nimefika fasi ya ndoa, na mujomba alikuwa anakuja na barua. Nilirudisha waya.

Wiki tatu zikapita. Siku moja parkingi, kamio imejaa mifuko ya watu, nyuma yangu magari tano zinangojea kutoka, nikazungusha ufunguo. *Tik*.

Hornu zikaanza kulia. Kuna shofere mumoja tunamuita Kopa, mudomo yake haina breki. Alitoa kichwa kwa dirisha ya gari yake, yenye ilikuwa ingali kwa matengenezo: "Diakono! Iwekee mukono! Iombee!"

Mwingine akajibu: "Si hapo! Kwa batri! Pepo iko kwa batri!"

Watu wakacheka. Na mimi, ndugu yangu, nilikuwa na aibu, na aibu ile ilitafuta mutu wa kupanda juu yake. Nikapiga kelele: "Muulizeni Sadiki! Amenipa batri imekufa, ameiosha uso tu! Nani anajua kama hakutoa na shaba mu dinamo yangu!"

Hata "Muzee" sikusema.

Muzee mwenyewe alikuwa hatua kumi na mimi, dinamo ya Kopa juu ya magoti. Aliiweka chini pole pole.

"Shaba?" akasema. "Mimi nimekuwa mwizi wa shaba?"

"Mimi nasema chenye naona."

"Basi ona vizuri." Akafunga funguo zake za kazi mu kitambaa, akaenda nyumbani. Ilikuwa saa ine ya asubuhi.

Maneno ya diakono inakimbia. Ningekuwa mulevi wa parkingi, hakuna mutu angesikiliza. Kopa alikuja kukamata dinamo yake vipande vipande mu ndoo. Kisha mwingine, kisha mwingine. Wiki ya pili, chini ya ile shiti hakukuwa hata baiskeli. Wiki ya ine bibi ya Muzee alikuwa anapika mandazi pembeni ya barabara. Mimi nikatafuta njia ingine ya kupita.

Niliandika mu kaye: "Muzee hakuonekana. Jua kali." Basi!

Mimi na kamio tulianza kuishi kwa miteremuko. Nilikuwa nasimamisha kwa mulima tu, ishuke yenyewe mota iwake. Nilijua kila kilima kati ya hapa na Mambasa sawa mutu anajua wajomba zake. Ukinialika fasi tambarare, sifike.

Mwisho ya mwezi uliopita nilipakia makemba Mambasa, na ba mama ine wenye makemba, wamekaa juu. Mukubwa wao ni Mama Zawadi, mujane mwenye alitoka Butembo, anauza sokoni na kwake anachajia watu simu na moto wa jua. Mbele ya kufika Komanda, tope. Magari imekwama, lori imelala upande, tukaambiwa zimeni mota.

Nikazima. Fasi ilikuwa tambarare.

Siku mbili! Makemba ilianza kubadilika rangi, na ba mama wanaiangalia, kisha wananiangalia mimi. Siku ya pili walikaa kando ya gurudumu, wakaanza kuongea juu ya feuilleton. Mimi kichwa yangu ilikuwa ndani ya mota.

"Yule kipofu atakufa," mumoja akasema.

"Kipofu gani atakufa na njo mwenye pesa ya kurudisha shamba?"

"Atarudisha namna gani? Hata karatasi hawezi kusoma. Mujomba atamupa karatasi ya uongo, ataweka kidole."

Nilivumilia. Mungu anajua nilivumilia. Nilishika tuyo, ule mupira wa maji ya mota, na mikono yote miwili.

"Hataweka," mwingine akasema, "musichana atamusomea."

"Haiko kipofu!" nikasema. "Alianza kuona tangu kule hospitali! Anajificha tu juu ya kumukamata mujomba!"

Hata vyura vya tope vilinyamaza.

Mama Zawadi akakuja pole pole. "Diakono."

"Mama."

"Hiyo ya hospitali imefika juzi tu. Mimi mwenyewe niliiona asubuhi ya kupanda hii kamio. Weye umeiona wapi?"

"Nilisikia."

"Kwa nani?"

"Kwa... watu."

"Na farasi ya mujomba, jina yake nani?"

Na mimi, na hii kinywa yangu, nikasema jina ya farasi!

Walipanda mu kabini wote ine. Dakika moja, blanketi iko chini. Mama Zawadi alifuata waya na kidole, chini ya kiti, mupaka kwa batri. Akakaa hapo, akatikisa kichwa.

"Unavuta kwa hii moja tu?"

"Ndiyo, Mama."

"Baba, mimi nilijifunza kushona tu, lakini hii najua, niliua batri mbili kwangu kwa njia hii hii. Zimefungwa pamoja, weye unakula kwa moja. Dinamo haijue. Inazilisha sawa sawa. Yenye njaa haishibe, yenye kushiba inachemka. Ungeweka batri ya dahabu, ingekufa. Fundi wako hakukuuliza?"

"Aliuliza."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Walicheka! Mumoja alikaa ndani ya tope yenyewe, hakujali tena kikwembe. Lakini Mama Zawadi njo wa kwanza kuacha kucheka.

"Yule muzee wanasema anaiba shaba ya watu," akasema, "njo huyo?"

Niliinamisha kichwa. Alinipa muteremuko wa maneno mingine yenye sitaandika hapa, lakini hakunionea. Yote ilikuwa kweli.

Barabara ilifunguka, wakasukuma. Walisukuma wakiimba jina ya farasi. Makemba ilifika Bunia manjano, sokoni wakaiita makemba ya diakono, na sasa ndizi yoyote yenye kuiva sana inaitwa vile. Sifurahi, lakini ni haki.

Habari ilifika nyumbani mbele mimi nifike. Mama Furaha alisimama mulangoni.

"Miezi yote hii?"

"Nisamehe."

"Peke yako? Mimi nimekaa na kitambaa, weye unaangalia peke yako?"

"Nisamehe, Mama Furaha."

Akapangusa mikono. Kisha: "Yule kipofu..."

"Anaona," nikasema haraka, nimufurahishe.

Akanipiga na kitambaa cha jikoni. "Na sasa kwa nini unaniambia!"

Kesho yake nilikamata kuku, nikaenda kwa Muzee Sadiki. Nilipita mulango wa nyuma, kwa heshima, nilijiambia. Alikuwa anatengeneza kiti. Nilimuelezea yote, televizyo, waya, koti. Hakunikata maneno. Mwisho akauliza jambo moja tu.

"Basi mashini yangu haikuzeeka?"

"Hapana, Muzee. Ilikuwa inasema kweli."

"Nilikuwa nataka kuitupa," akasema. Kisha akaangalia kuku. "Matusi ulinitolea parkingi, saa ine, watu wote wanasikia. Kuku unaniletea hapa nyuma, majani tu inatuona. Rudi nayo, Diakono. Mimi sina njaa ya kuku."

Nililala vibaya siku ine nzima. Nilijiuliza: kama nikisema mbele ya watu, kanisa itasema nini? Watoto wangu watapita wapi? Nilijiuliza pia kama nafanya hii juu ya Muzee ao juu ya usingizi yangu. Sijui mupaka sasa. Labda vyote viwili.

Leo asubuhi, mvua ikiwa kidogo, nilifika parkingi saa ine. Bibi ya Muzee alinisaidia kumuleta. Muzee alikaa juu ya gurudumu ya zamani, mugongo kwangu. Nilipanda juu ya bampa.

"Ba ndugu," nikasema, na sauti ikatoka kadogo.

"Nguvu!" Kopa akalia. "Huku nyuma hatusikie! Kanisani unalia sawa simba!"

Nikasema kwa nguvu. Nilisema televizyo. Nilisema waya. Nilisema nilimudanganya mara tatu, na batri yake ilikuwa nzima, mimi njo niliiua, na shaba ya mutu haikupotea hata uzi mumoja. Nilisema kosa ya Muzee ni moja tu: alinipa imani yenye ilikuwa ya mashini. Walicheka fasi zote zenye nilijua watacheka. Nilipofika kwa shaba, hawakucheka.

Kopa alikuna kichwa. Akaenda kwa gari yake, akarudi na ile ndoo ya dinamo, akaiweka mbele ya Muzee. Muzee alitazama ndani. "Nani aligusa hii?" akasema. "Umechanganya vis zangu za kukaza." Na akakaa chini, akafungua kitambaa cha funguo zake.

Kufika saa tisa kulikuwa magari sita. Si zote zenye zilikuwa zinakuja zamani. Nilihesabu kwa roho, zingine hazikurudi. Maneno niliyoyatupa kwa dakika moja sijui kama nitayaokota yote. Nilimuomba aangalie kamio yangu pia.

"Yako itangojea," akasema. "Zile zenye wenyewe walisema kweli zinapita mbele."

Niko wa mwisho. Ni haki.

Pasteri amenitoa leo kwa kazi ya udiakono kwa muda. Kuanzia siku ya Mungu nitakaa benchi ya nyuma. Nilidhani ni adhabu, kumbe watu wa kule nyuma wote wanajua jina ya farasi.

Ndugu musomaji, nakuomba sana. Fundi akikuuliza umeunganisha nini, muambie! Hata kama ni aibu. Ukitaka televizyo mu kamio kubwa, tafuta kile chombo cha kupunguza moto wa batri zote mbili, usinyonye moja. Na ukiwa mutu mwenye watu wanamuamini, chunga kinywa mara mbili, juu uongo ya mutu wa kuaminiwa inakula kazi ya mwenzake mbele jua haijashuka. Mimi nimeona na macho yangu.

Nilimuambia Muzee akuje kula kwetu leo jioni. Akasema, "Nitaona."

Tulikula bugali ya mihogo, sombe, na samaki ya kukausha ya ziwa. Mama Furaha aliweka sahani ya Muzee, akaifunika. Giza imeingia, Muzee hajafika. Watoto wanaiangalia sana, lakini hakuna mwenye kuigusa.